Istilahi za Kutathmini Urukaji wa Bawa Dogo la Kitambaa Lenye Injini: Mfano wa Mazingira ya Kigoma

1.0 Utangulizi

Bawa la kitambaa lenye injini ni chombo ambacho mrukaji huning'inia chini yake kwa kamba, akiwa amebeba mgongoni injini ndogo yenye rafadha. Kukitathmini ni kupima kasi yake, ushukaji wake, wepesi wake wa kugeuka, na namna kinavyorejea katika hali ya kawaida baada ya kutikiswa. Makala haya yanadai kwamba kazi hiyo haiwezi kufanyika kwa usalama katika Kiswahili iwapo istilahi zake hazikuchaguliwa kwa kuzingatia maumbo ya vitenzi na matamshi yake.

2.0 Mzigo wa bawa na mwinuko wa mahali

Istilahi ya kwanza inayohitaji ufafanuzi ni "mzigo". Uzito wa jumla ni ule wa mrukaji pamoja na vifaa vyake vyote. Mzigo wa bawa ni uzito huo ukigawanywa kwa eneo la kitambaa. Tuchukue mfano wa kilo 108. Bawa la meta mraba 26 litakuwa na mzigo wa kilo 4.15 kwa kila meta mraba. La meta mraba 18, lenye umbo lile lile, litakuwa na kilo 6. Kwa kuwa kasi hufuata kipeuo cha pili cha mzigo wa bawa, bawa dogo litalizidi kubwa kwa asilimia 20 hivi. Likiwa kubwa linakwenda kilometa 38 kwa saa, dogo litakwenda karibu 46, nalo litageuka kwa wepesi zaidi.

Hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko kwenye mwinuko wa meta 770 hivi. Katika joto la nyuzi 28, msongamano wa hewa ya ufukoni Kigoma hupungua kwa takriban asilimia 13 ukilinganishwa na hewa sanifu ya usawa wa bahari yenye nyuzi 15. Kwa hiyo bawa lile lile dogo litahitaji kasi ya kilometa 49 hivi kwa saa, ilhali nguvu ya injini imepungua.

3.0 Mipaka ya msamiati wa tanga

Ni jambo la kawaida kuazima istilahi kutoka ubaharia, lakini si kila neno lafaa. Mchana upepo wa ziwani huelekea nchi kavu, na usiku hugeuka. Mrukaji anayeukabili upepo wa kilometa 15 kwa saa atasoma kasi ya 34 juu ya ardhi. Akiufuata atasoma 64. Wastani wake, 49, ndiyo kasi ya bawa katika hewa. Kukabili upepo huku hakuwezi kuitwa "kubisha", kwani jahazi linalobisha huenda mshazari, likigeuza upande mara kwa mara. Bawa huukabili upepo moja kwa moja.

4.0 Kitenzi na usalama

Matukio matatu ni lazima yatofautishwe. Injini ikizima, bawa huendelea kuruka likishuka taratibu, na mrukaji hutafuta mahali pa kutua. Breki zikivutwa kupita kiasi, bawa hupoteza mnyanyuo, na dawa yake ni kuzilegeza zote mbili kwa pamoja. Hewa ikilisukuma bawa kutoka juu, ukingo wake wa mbele hukunjika, na mrukaji hudumisha kwanza mwelekeo wake. Kiingereza hutumia neno moja kwa matukio mawili ya mwanzo. Tukilitohoa neno hilo, tutautohoa pia utata wake.

Hatari nyingine imo ndani ya Kiswahili chenyewe. "Limekunjika" na "limekunjuka" hutofautiana kwa irabu moja tu, nayo maana zake ni kinyume: bawa limeharibika umbo, au limerejea. Katika redio, injini ikinguruma, tofauti ya /i/ na /u/ ni nyembamba mno kuaminiwa uhai wa mtu. Tunapendekeza "limekunjika" libaki, na kinyume chake kiwe "limejaa", kama tanga linavyojaa upepo.

5.0 Hitimisho

Tumeona kwamba ufasaha wa umbo peke yake hautoshi kuihalalisha istilahi. Katika nyanja ambazo neno hutamkwa ili litendwe papo hapo, wanaistilahi hawana budi kuongeza kigezo cha usikivu: istilahi zenye maana kinyume zisitofautiane kwa sauti moja. Kigezo hicho chafaa pia kwa mabaharia, madereva na wauguzi.