Rufaa Si Kuanza Kesi Upya: Ijue Mahakama ya Rufaa na Siku Zako 14

Hukumu inaposomwa, aliyeshindwa hutoka nje ya mahakama akisema, "Nitakata rufaa." Familia humfariji, wazee humshauri atulie kwanza, naye hurudi nyumbani kutafuta karo, mbegu na nauli. Akija kumwona wakili baada ya miezi mitatu, huambiwa kwamba muda ulishapita. Wapo waliopoteza shamba au fidia kwa namna hiyo, si kwa sababu hawakuwa na haki, ila kwa sababu hawakujua siku zinaanza kuhesabiwa lini.

Makala hii inaeleza Mahakama ya Rufaa ilikotoka, kazi yake, na anachopaswa kufanya mwananchi anayetaka kufika mbele yake.

Ilianzaje?

Mwaka 1902, serikali ya Uingereza iliunda mahakama moja ya rufaa kwa ajili ya maeneo iliyoyatawala Afrika Mashariki. Hata hivyo, neno la mwisho halikuwa hapa. Asiyeridhika aliweza kupeleka shauri lake hadi London, mbele ya baraza lililomshauri Mfalme kuhusu rufaa za makoloni. Ni wachache waliomudu safari na gharama hiyo.

Baada ya uhuru, Kenya, Uganda na Tanzania ziliendelea kutumia mahakama moja ya rufaa, na kuanzia 1967 ikawa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilishika njia yake, na Kenya ikaunda Mahakama yake ya Rufaa mwaka huo huo. Kwa miaka 33 hiyo ndiyo iliyokuwa mahakama ya juu kabisa nchini.

Katiba ya 2010 iliongeza ngazi moja juu yake, yaani Mahakama ya Juu. Kifungu cha 164 kinasema Mahakama ya Rufaa itakuwa na majaji wasiopungua 12, na kwamba Rais wa mahakama hiyo atachaguliwa na majaji wenyewe kutoka miongoni mwao. Zamani majaji walizuru miji kwa vipindi. Tangu 2013 mahakama imekuwa na vituo vya kudumu nje ya Nairobi, vikiwemo Kisumu na Nyeri.

Kazi yake ni ipi?

Mahakama ya Rufaa husikiza rufaa kutoka Mahakama Kuu, Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na mahakama ya masuala ya ajira na leba. Kwa kawaida majaji watatu huketi pamoja. Wakitofautiana, uamuzi wa walio wengi ndio hushika.

Wengi hudhani rufaa ni kesi kuanza upya. Sivyo. Mashahidi hawaitwi tena, na ushahidi mpya haupokelewi ila kwa idhini maalum. Majaji husoma kumbukumbu za kesi, husikiza hoja za pande zote mbili, kisha huamua kama jaji wa kwanza alikosea.

Kesi iliyoanzia Mahakama Kuu inapokatiwa rufaa, majaji huupima upya ushahidi wote ulioandikwa na kufikia uamuzi wao wenyewe, wakizingatia kwamba wao hawakuwaona mashahidi kwa macho. Kanuni hiyo ilifafanuliwa mwaka 1968 na mahakama ile ya pamoja ya Afrika Mashariki, na majaji wa Kenya huirejelea hadi leo. Lakini kesi iliyoanzia kwa hakimu, ikapitia Mahakama Kuu kwa rufaa, ikifika hapa huwa ni rufaa ya pili. Hapo majaji huangalia makosa ya kisheria tu.

Mfano: mabinti na shamba la baba

Mwaka 2005, ikiketi Eldoret, Mahakama ya Rufaa iliamua mzozo wa urithi wa ardhi katika familia moja. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa wana wa kiume sehemu kubwa kuliko mabinti, kwa kuzingatia kwamba mabinti huenda wangeolewa. Majaji watatu waliutengua mgao huo na kuwaongezea mabinti sehemu yao. Walisema uwezekano wa binti kuolewa hauwezi kuwa kigezo cha kumpunguzia urithi.

Hakuna shahidi mpya aliyeletwa. Ardhi ilikuwa ile ile na familia ile ile. Kilichobadilika ni namna sheria ilivyosomwa, na uamuzi huo umewafaa mabinti wengi katika kesi zilizofuata. Lakini ulipatikana kwa sababu kulikuwa na aliyekata rufaa.

Ufanye nini, na lini?

1. Hesabu siku 14. Ilani ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14 tangu uamuzi kutolewa. Mfungwa anaweza kuiwasilisha kupitia kwa afisa msimamizi wa gereza.

2. Omba kumbukumbu za kesi kwa barua. Katika kesi za madai, iandike ndani ya siku 30 na umpe mpinzani wako nakala. Ukifanya hivyo, muda ambao mahakama itatumia kuzichapa hautahesabiwa dhidi yako, mradi upate cheti cha msajili.

3. Wasilisha rekodi ya rufaa. Katika kesi za madai, muda ni siku 60 tangu ulipowasilisha ilani.

4. Usidhani rufaa inasimamisha hukumu. Shamba linaweza kuuzwa huku ukisubiri tarehe. Ombi la kusitisha utekelezaji huwasilishwa kando, na ni lazima uonyeshe kwamba rufaa yako ina hoja ya kusikizwa, na kwamba bila amri hiyo ushindi wako utakuwa bure.

5. Ukichelewa, usikate tamaa wala usiendelee kungoja. Jaji anaweza kukuongezea muda. Atauliza umechelewa kwa kiasi gani, kwa nini, rufaa yako ina uzito gani, na mpinzani wako ataumia vipi.

Kumbuka kwamba kesi ya madai iliyoamuliwa na hakimu huenda kwanza Mahakama Kuu, au ile ya ardhi Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na muda wake ni siku 30.

Je, kuna ngazi nyingine?

Ipo, lakini mlango wake ni mwembamba. Mahakama ya Juu hupokea rufaa zinazohusu tafsiri au matumizi ya Katiba, au zilizoidhinishwa kuwa na uzito kwa umma kwa jumla. Kesi ya BBI ilipanda ngazi hizo zote: Mahakama Kuu Mei 2021, Mahakama ya Rufaa Agosti 2021, na Mahakama ya Juu Machi 2022. Kwa kesi nyingi za mwananchi wa kawaida, Mahakama ya Rufaa ndiyo hatua ya mwisho.

Kwa hivyo siku hukumu inaposomwa, andika tarehe hiyo kabla ya kutoka mahakamani. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba usaidizi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, na afisi ya msajili katika mahakama iliyo karibu itamwelekeza pa kuanzia.