Moshi wa Jikoni ni Hasara

Mkulima, ukiona jiko lako linatoa moshi mwingi, ujue kwamba unapoteza kuni. Moshi ni sehemu ya kuni ambayo haikuungua. Mti uliokatwa sasa hivi huweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Moto sharti uyakaushe maji hayo kwanza, na sufuria hungoja. Kwa hiyo kuni mbichi hudhuru mapafu, tena humaliza miti upesi.

Chembe za moshi ni ndogo mno, nazo huingia mpaka ndani ya mapafu. Watoto wadogo hupata kichomi, na watu wazima hupata maradhi ya moyo na ya mapafu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5. Anayeumia zaidi ni mama apikaye, na mtoto aliye mgongoni.

Basi fanya hivi:

1. Pasua kuni, uzipange juu ya mawe chini ya paa, zipate upepo miezi 6.
2. Toboa dirisha jikoni, moshi upate njia.
3. Loweka maharagwe usiku, na ufunike sufuria upikapo.
4. Usilale na jiko la makaa chumbani. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua.

Jioni ya leo gonganisha vipande viwili vya kuni. Vikilia kwa sauti kali, vimekauka. Vikitoa sauti nzito, virudishe chini ya paa.