Mhariri alinifundisha chuoni, nitabishanaje naye?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Nimeandika riwaya kwa miaka minne, usiku, watoto wakishalala. Mungu si Athumani, mchapishaji mmoja ameikubali. Amenipa mkataba wa kurasa saba, wote Kiingereza cha wanasheria, na kuniambia atanilipa shilingi 1,500,000 mara moja, mambo yaishe. Nisaini kabla ya Ijumaa. Mume wangu anasema nichukue, nyumba yetu bado haijaezekwa. Mimi roho inasita, ila mhariri wao alinifundisha chuoni na naona haya kubishana naye. Nifanyeje?

Mwalimu wa Tanga

Marahaba mwanangu, na hongera sana.

Hayo "mambo yaishe" yamenikaa vibaya. Yanaisha ya nani? Ukiuza haki zote, kitabu ni chao, na kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 haki hizo zinadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Wajukuu zako watakinunua dukani kama watu baki.

Lakini mumeo si mjinga, tupige hesabu yake. Tuseme kitabu kitauzwa shilingi 10,000, na wachape nakala 2,000. Mrabaha wa asilimia 10 ya bei ya dukani ni shilingi 1,000 kwa nakala, yaani 2,000,000 zikiisha zote. Mkataba ukisema asilimia 10 ya "mapato halisi", basi ni ya kile kinachomfikia mchapishaji baada ya mwenye duka kuchukua chake. Mwenye duka akichukua asilimia 40, wewe unabaki na 600 kwa nakala. Hiyo ni 1,200,000, tena inakuja vipande vipande. Umeona? Kwa chapa ya kwanza, fedha ya mkononi inaweza kushinda, ndiyo maana wengi wanaikimbilia. Balaa huja chapa ya pili na ya tatu, na hasa kitabu kikiteuliwa kusomwa shuleni. Hapo aliyeuza haki zake huambulia kupigiwa makofi tu.

Kwa hiyo usiuze. Waruhusu wakichape kwa Kiswahili, kitabu cha karatasi, kwa muda maalumu, tuseme miaka saba. Tafsiri, filamu na kitabu cha kusikiliza vibaki kwako mpaka mzungumze upya. Asilimia 10 iwe ya bei ya dukani. Wakikataa na kushikilia mapato halisi, wapandishe asilimia. Kuhusu bati, omba malipo ya awali ya 700,000, yatakayokatwa kwenye mrabaha wako baadaye. Hayatamaliza paa lote, lakini yataanza.

Angalia pia kama kuna tarehe ya mwisho ya kukichapa. Jane Austen wa Uingereza aliuza mswada mwaka 1803 kwa pauni 10. Mnunuzi akaukalia. Mwaka 1816 familia yake iliununua tena kwa pauni zile zile 10, na kitabu kikatoka yeye akiwa ameshafariki. Wewe andikisha kwamba wasipochapa ndani ya miezi 18, au kitabu kikiisha madukani wasichape tena, haki zinakurudia. Kama kuna kifungu kinachowapa mswada wako ujao kabla ya wengine wote, kifutwe. Taarifa ya mauzo uipate mara mbili kwa mwaka, nawe uwe na ruhusa ya kukagua hesabu. Na wakithubutu kukudai wewe mchango wa uchapaji, chukua mswada wako uondoke.

Sasa haya zako. Nimekuwa mhariri miaka 22, na mkataba wa kwanza tuliokuwa tukimpa mwandishi ulikuwa bei ya kutajia, kama ya muuza kanga. Aliyesaini bila kuuliza tulimshangaa, ingawa hatukumwambia. Tena jua kwamba mara nyingi si mhariri anayepanga fedha, ni mkurugenzi. Mwalimu wako huenda anangoja umpe barua ya kuingia nayo ofisini kwa bosi wake, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kuanza kukutetea.

Kwa hiyo mwandikie hivi: "Shikamoo Mwalimu. Nimefurahi mno kwamba kitabu kinatoka mikononi mwenu. Nimeusoma mkataba na kuna vifungu vitano naomba tuvizungumze, nimeviambatanisha. Naomba pia nielezwe kwa maandishi, kwa Kiswahili, kila kifungu kinachonifunga. Nitahitaji wiki mbili ili mwanasheria aupitie." Usitaje bati wala shida za nyumbani.

Ipeleke Jumatano, usingoje Ijumaa.