Mchezo usio na kitabu

Tchomia, kando ya Ziwa Albert, mvuvi akisimulia safari yake hasimami kama mti. Huigiza sauti ya mwenzake, huinua mikono, hupiga kasia hewani. Nani amemwandikia maneno hayo? Hakuna.

Mbali kusini, katika mji wa Lubumbashi, palikuwa na kundi la wachezaji waliofanya hivyo hivyo. Mkubwa wao aliitwa Odilon Kyembe Kaswili, lakini watu walimwita Mufwankolo. Walicheza kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kile kile cha sokoni na cha nyumbani.

Mwaka 1986 alikuwako huko Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu cha Amsterdam. Siku moja alikula kuku pamoja na marafiki. Walipofika kwenye firigisi, akaambiwa kwamba utawala huliwa mzima. Neno hilo likamshangaza, akalipeleka kwa wachezaji. Maana yake ni nini? Kwamba mkubwa asigawane nguvu zake na mtu? Au kwamba anayeshika utawala aubebe wote, pamoja na taabu zake? Wakabishana sana. Kisha wakasema: tufanye mchezo.

Halikuwa jambo dogo. Siku zile nchi iliitwa Zaire, na Mobutu aliitawala kwa chama kimoja. Aliyesema vibaya juu ya utawala aliweza kufungwa.

Hawakuandika maneno. Walipanga kwanza sehemu za mchezo: nani ataingia, anataka nini, atatoka lini. Halafu kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe mbele ya wenzake. Wakarudia tena na tena. Neno zuri likabaki, neno baya likaachwa. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kukariri, maana mchezaji asiyemsikiliza mwenzake hana la kujibu.

Mwishowe walikwenda katika kijiji cha Kawama, wakacheza nje, na watu wa televisheni wakapiga picha. Mchezo ulikuwa juu ya sultani wa kijiji, si juu ya rais. Lakini mtazamaji ana akili yake.

Mwaka 1990 Fabian alitoa kitabu, na ndani yake maneno ya wachezaji yamepigwa chapa kwa Kiswahili chao.

Maulizo
1. Kwenu firigisi ya kuku hupewa nani?
2. Kwa nini wachezaji walichagua sultani wa kijiji?
3. Wewe waelewaje neno lile la utawala?