Alizeti Fupi Katika Ua Mdogo

Katika wilaya za Mbulu na Hanang hakuna asiyeijua alizeti. Lakini alizeti ya shambani hupita kimo cha mtu, nayo hutaka nafasi. Je, mwenye ua wa hatua 10 tu afanyeje? Twapenda kumweleza habari za alizeti fupi, ambayo kimo chake ni futi 1 mpaka 3, nayo hukua hata ndani ya debe.

KWANZA, CHOMBO. Debe kuukuu, chungu au ndoo yafaa, maadamu kina chake si chini ya inchi 12, kwani mzizi mkuu wa alizeti hushuka moja kwa moja. Toboeni matundu chini, maji yasituame. Chombo kilichowahi kutiwa dawa ya wadudu kisitumiwe.

PILI, UDONGO. Wazee wa Kainam tangu zamani wamesifiwa kwa kutia samadi mashambani na kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Nasi tufuate desturi hiyo. Changanyeni udongo mafungu 2 na samadi iliyooza fungu 1; samadi mbichi huunguza mizizi. Wala msichimbe udongo wa kujazia katika miteremko. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilileta msiba mkubwa Katesh, na mteremko wowote yafaa uachwe na majani yake.

TATU, KUPANDA. Tieni mbegu 2 katika shimo la inchi 1. Miche ikipata majani 4, ng'oeni ulio dhaifu. Debe moja lichukue mche mmoja. Ardhini acheni futi 1 kati ya mche na mche. Msiihamishe miche, kwani mzizi ukikatika mmea hudumaa. Mahali pawe na jua saa 6 au zaidi, pasipo upepo mkali. Alizeti changa huligeukia jua mchana kutwa, bali iliyokwisha kuchanua hutazama mashariki daima.

NNE, MAJI. Udongo wa debe hukauka upesi kuliko ardhi. Tieni kidole, mkiona ukavu wa inchi 1, mwagilieni asubuhi.

TANO, KUVUNA. Ua likianza kunyauka, lifunikeni kwa kitambaa chepesi, ndege wasile mbegu. Mgongo wa kichwa ukigeuka manjano, kisha kahawia, kateni, mkautundike mahali pakavu penye hewa.

Sasa twaonya. Alizeti fupi za mapambo hazijazi chupa ya mafuta. Faida yake ni uzuri wa nyumba, chakula cha nyuki na punje chache za kuku. Tena nyuki huchukua chavua toka ua hata ua. Kwa hiyo mbegu za debe lililo karibu na shamba huenda zisizae fupi mwaka wa pili. Na hasara iliyo kubwa zaidi ni ya jirani: yeye hujiwekea mbegu za shamba, kama zile za aina ya Record, na mbegu zake zaweza kuchanganyika na za mapambo, mavuno ya mafuta yakapungua. Basi, kabla ya kupanda, mwulizeni jirani kama huhifadhi mbegu. Akisema ndiyo, pandeni mapema au mchelewe, maua yenu yasichanue pamoja na yake. Ua lako lisiwe hasara ya mwenzio.