Inzi wa Matunda na Kitabu cha Jeni

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo moja la Biolojia ambalo mzazi aweza kulisoma pamoja na mwanawe. Nimemchagua inzi mdogo wa matunda, yule azungukaye ndizi zilizoiva. Wataalamu humwita Drosophila melanogaster. Urefu wake ni kama milimita 3, na katika joto la digrii 25 yai lake huwa inzi kamili kwa siku 10 hivi. Asili yake ni Afrika, kusini ya Sahara, naye ameenea ulimwenguni kwa kuandamana na binadamu.

Sasa swali. Inzi huyu ana jeni kama 14,000 za kutengenezea protini, na karibu kila chembe ya mwili wake inazo zote. Mbona basi chembe ya jicho si sawa na chembe ya utumbo?

Jibu ni kwamba kuwa na jeni si sawa na kuitumia. Fikirini shule ambayo kila chumba kina nakala ya kitabu kimoja cha masomo yote. Kidato cha Kwanza wafungua ukurasa huu, Kidato cha Nne ukurasa ule. Kitabu ni kile kile, bali kurasa zisomwazo ni mbalimbali. Hali kadhalika, jicho husoma jeni za kupokea nuru, na utumbo husoma jeni za kumeng'enya chakula. Kando ya kila jeni mna vipande viamrishavyo isomwe wapi na kwa kiasi gani. Tuviite swichi. Jeni moja yaweza kuwa na swichi kadha wa kadha, kila moja kwa kiungo chake.

Tutazame mfano wa Uganda. Iko jeni iitwayo ebony, ambayo hufanya ngozi ya inzi iwe ya rangi hafifu. Katika nyanda za juu za Uganda wako inzi wenye tumbo jeusi. Mwaka 2009 wataalamu walieleza sababu: swichi ya tumbo imebadilika mahali pachache tu, na kwa hiyo ebony husomwa kidogo katika ngozi ya tumbo. Jeni yenyewe ni nzima, na kichwani yaendelea na kazi yake. Kama ingaliharibika yenyewe, inzi angalipata hasara hata katika kuona.

Mfano wa pili watuhusu zaidi. Mwaka 1939 Paul Müller wa Uswisi aligundua kuwa DDT huua wadudu. Dawa hiyo ikanyunyizwa miaka mingi, hata wakaonekana inzi wasiokufa. Mwaka 2002 ilielezwa kwamba katika inzi hao kipande cha DNA kinachohamahama, kiitwacho Accord, kimejipachika kando ya jeni Cyp6g1, ambayo hutengeneza kimeng'enya cha kuvunja sumu. Kipande hicho kimekuwa swichi mpya: huizidisha kazi ya jeni katika utumbo, katika mirija ya kutolea taka na katika mafuta ya mwili, yaani pale pale sumu inapopita. Nacho kimeonekana kwa wingi zaidi katika inzi wa nje ya Afrika kuliko wale wa Afrika ya Mashariki.

Watu wengi husema kuwa wadudu "wameizoea" dawa. Sivyo. Dawa haimfundishi mdudu kitu. Huua walio dhaifu, na wachache waliokwisha kuwa na swichi hiyo hubaki wakazaa. Mbu waenezao malaria wamepita njia kama hiyo: baadhi yao hutengeneza vimeng'enya vya namna hiyo kwa wingi, wakastahimili dawa ya vyandarua. Basi wazazi, msinyunyize dawa ovyo, wala msiache chandarua. Hata mbu asiyeuawa na dawa hawezi kupita katika chandarua kisicho na tundu. Kishoneni, kichomekeni vizuri, watoto walale ndani yake kila usiku.

Maswali:
1. Kwa nini badiliko la swichi huweza kumdhuru inzi kidogo kuliko badiliko la jeni yenyewe?
2. Inzi wawili wana jeni sawa, lakini mmoja ana tumbo jeusi. Eleza jinsi iwezekanavyo.