Sauti Hiyo Inalia Lini?



Barabara ya kutoka Himo, ukapanda Marangu na Mwika hadi Mkuu kule Rombo, ina kona na miteremko ya kutosha kulisemesha gari lolote lenye shida. Naipita mara kwa mara, na nawajua madereva ambao wakisikia sauti chini ya gari wanaongeza redio. Kelele inafunikwa, lakini beringi inaendelea kuisha.

Swali la kwanza la fundi mzuri ni hili: inalia lini? Ikilia ukikanyaga breki, ataanza na pedi. Ikigonga ukikata kona kali, ataangalia jointi za magurudumu ya mbele. Ikivuma zaidi kadiri mwendo unavyoongezeka, atashuku beringi. Mkilijaribu gari pamoja, wewe macho barabarani, yeye anasikiliza.

Mt. Ignasi wa Loyola, ambaye Mazoezi yake ya Kiroho yaliidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, alifundisha kitu cha namna hiyo kuhusu dhamiri: chagua kosa moja, lifuatilie mchana na jioni, siku hadi siku. Usiishie kusema "nina hasira". Inakuja lini? Ukiwa na njaa? Ukikaa na simu hadi usiku? Ukiwa na nani?

Kujua chanzo bado si kupona. Lipeleke jibu lako kwenye Sakramenti ya Kitubio. Padre atakusikiliza, na Mungu ndiye anayeponya.

Leo jioni zima redio, kaa kimya dakika 5, jiulize: lini?